Faili ya Binari Isiyosomeka Vyema: Kutoka Dalili hadi Chanzo katika Lugha ya C

Mifano ya mwongozo huu inatoka katika programu moja ya kupokea kahawa, niliyoiandika kwa lugha ya C kwa ajili ya kituo kilicho nje kidogo ya mji wa Masaka. Wakulima wa Robusta huleta hapo kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa ikiwa bado na maganda yake, na karani huipima uzito, hupima unyevu, kisha hurekodi namba ya mkulima. Kompyuta zilizohusika zilikuwa tatu: kompyuta mpakato yenye Windows mezani kwa karani, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kando ya mizani, na kompyuta kongwe ya Linux iliyokuwa Kampala, ambako faili za kila siku zilifikishwa kwa flashi. Kila moja ya hizo ilisoma bila shida faili iliyoiandika yenyewe. Matatizo yalianza pale faili ilipotoka kwenye kompyuta moja kwenda nyingine, na hivyo ndivyo makosa mengi ya data za binari yanavyojificha: anayejaribu programu yake kwenye mashine moja huona kila kitu ni sahihi.

Rekodi yenyewe ilikuwa hivi:

```c
struct pima {
    char    daraja; /* 'K' kiboko, 'S' safi, iliyokobolewa */
    int32_t namba;    /* namba ya mkulima */
    int16_t kilo;
    double  unyevu; /* asilimia */
};

fwrite(&p, sizeof p, 1, f);
```

Kabla ya kugusa msimbo, ipime faili

Dalili huonekana upande wa anayesoma, lakini kwa uzoefu wangu chanzo huwa mara nyingi zaidi upande wa aliyeandika. Anayeanza kwa kubadilisha msimbo wa kusoma hupoteza siku nzima akirekebisha mahali pasipo na kosa, na wakati mwingine hufaulu kuficha kosa badala ya kuliondoa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuujua ukubwa wa faili kwa baiti, na kuugawa kwa ukubwa wa rekodi moja. Kwenye kompyuta ya karani `sizeof(struct pima)` ilikuwa baiti 24, na siku ya vipimo 150 ilipaswa kutoa faili ya baiti 3,600 kamili. Baki la mgawanyo huo lina maana: baiti chache zilizozidi zinaashiria jambo moja, baiti zilizopungua zinaashiria lingine, na ukubwa unaogawanyika kwa 20 lakini haugawanyiki kwa 24 unaashiria jambo la tatu kabisa.

Hatua ya pili ni kuziangalia baiti zenyewe. Kwenye Linux amri ifuatayo huonyesha kila rekodi katika mstari wake:

```
xxd -g 1 -c 24 siku.dat
```

Kwa kuwa kila mstari una baiti 24, sehemu zinazofanana husimama katika safu moja kutoka juu hadi chini, na jicho hugundua mara moja mstari ambao safu zake zimesogea. Ukitumia `od` badala yake, weka chaguo la `-v`, kwa sababu bila hilo mistari inayofanana hufupishwa kwa alama ya nyota na hesabu yako itaharibika. Kwenye Windows, amri ya `Format-Hex` ndani ya PowerShell hutosha.

Rekodi za mwanzo ni sahihi, kisha kila kitu kinaharibika

Hii ndiyo dalili iliyotusumbua kwa muda mrefu zaidi. Faili iliyofika Kampala ilisomeka vizuri kwa rekodi thelathini na kitu, kisha mkulima mmoja akaonekana ameleta kilo 2,573, na baada yake namba za wakulima wote zikawa za ajabu. Siku nyingine faili nzima ilikuwa safi. Kwenye daftari la karani, yule mkulima alikuwa ameleta kilo 10.

Ufafanuzi wote umo katika namba hizo mbili. Faili ilikuwa imefunguliwa kwa `fopen("siku.dat", "w")`, bila herufi `b`. Windows ina hali mbili za kufungua faili, hali ya matini na hali ya binari, na katika hali ya matini kila baiti yenye thamani 0A kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), ambayo ni 10 kwa desimali na ndiyo alama ya mwisho wa mstari, huandikwa ikiwa imetanguliwa na 0D. Maktaba ya C haina njia ya kujua kwamba ile 10 ni kilo za kahawa. Hivyo baiti `0A 00` zilizokuwa ndani ya sehemu ya kilo ziliandikwa `0D 0A 00`, na kompyuta ya Kampala ilipochukua baiti mbili za kwanza ilipata 0A0D, yaani 2,573. Baiti moja iliyozidi ilisukuma kila kilichofuata kwa hatua moja, na kila 0A nyingine iliongeza hatua moja tena, iwe ni ya kilo au ya mkulima namba 266, ambaye namba yake huandikwa `0A 01 00 00`. Siku ambayo hapakutokea hata baiti moja ya 0A, faili ilitoka salama, na ndiyo sababu tatizo lilionekana kama linakuja na kuondoka lenyewe.

Thibitisha kwa hesabu: ikiwa faili ya rekodi 150 ina baiti 3,607, basi baiti saba zimezidi, na ukihesabu jozi za `0D 0A` ndani yake unapaswa kupata angalau saba. Dawa ni kufungua kwa `"wb"` wakati wa kuandika na `"rb"` wakati wa kusoma, kwenye kila mfumo endeshi bila ubaguzi. Kwenye Linux herufi `b` haibadilishi chochote, na huko ndiko mazoea ya kuiacha yanakozaliwa. Ikiwa programu yako ya Windows inaandika binari kwenye `stdout`, mkondo huo tayari umefunguliwa katika hali ya matini, na utahitaji `_setmode(_fileno(stdout), _O_BINARY)` kabla ya baiti ya kwanza.

Je, faili zilizokwisha kuharibika zinaweza kuokolewa? Zile zilizoharibiwa wakati wa kuandika zinaokoka zote, kwa kuwa kila 0A bila kuacha hata moja ilipewa 0D mbele yake, na kuondoa 0D moja tu kabla ya kila 0A hurudisha faili kama ilivyokusudiwa:

```c
int c, d;
while ((c = fgetc(ndani)) != EOF) {
    if (c == 0x0D) {
        d = fgetc(ndani);
        if (d != 0x0A) fputc(c, nje);
        if (d == EOF) break;
        ungetc(d, ndani);
        continue;
    }
    fputc(c, nje);
}
```

Mikondo yote miwili, `ndani` na `nje`, ifunguliwe kwa `b`. Kinyume chake hakiokoki. Ikiwa faili nzuri ilinakiliwa na programu iliyoisoma katika hali ya matini, kila jozi ya `0D 0A` iligeuka kuwa 0A peke yake, na hakuna anayeweza kusema sasa ni 0A ipi iliyokuwa na mwenzake. Vivyo hivyo kwa faili iliyofunguliwa ndani ya kihariri cha matini kisha ikahifadhiwa: ukiona baiti tatu `EF BF BD` zikijirudia mahali pengi, jua kwamba kila baiti isiyokuwa halali katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, imefutwa na kuwekewa alama ya badala, na asili yake imepotea. Wanaoweka faili za data ndani ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, waandike `*.dat binary` kwenye faili ya `.gitattributes`, ili miisho ya mistari isibadilishwe bila wao kujua.

Kusoma kunakoma kabla ya mwisho wa faili

Ukubwa wa faili ni sahihi, baiti zote zipo ukizitazama kwa macho, lakini programu inasoma rekodi arobaini na kusema imefika mwisho. Tafuta mambo mawili.

La kwanza ni hali ya matini tena, safari hii upande wa kusoma. Windows ikisoma katika hali hiyo na kukutana na baiti 1A, huichukua kuwa mwisho wa faili. Desturi hii imerithiwa kutoka CP/M, mfumo ambao ulihesabu ukubwa wa faili kwa vipande vya baiti 128, hivyo programu za matini zilihitaji alama ya kuonyesha maneno yalipoishia ndani ya kipande cha mwisho. Thamani ya 1A ni 26. Katika kituo chetu ilitosha mkulima mmoja alete kilo 26, na wote waliopanga foleni nyuma yake wakatoweka kwenye hesabu ya siku.

La pili ni aina ya kigeu kinachopokea jibu la `fgetc`. Funksheni hiyo hurudisha `int`, kwa sababu inahitaji thamani 256 za baiti pamoja na moja ya ziada, EOF, yaani ishara ya mwisho wa faili. Anayeandika `char c = fgetc(f)` huibana thamani ya ziada ndani ya baiti moja. Kwenye kompyuta ambazo `char` ina alama ya hasi, kama zile za Intel, baiti halali ya FF hugeuka kuwa -1 na kufananishwa na EOF, hivyo kusoma hukoma mapema. Kwenye Raspberry Pi yenye Linux, ambako `char` kwa kawaida haina hasi, EOF hubadilika kuwa 255 na mzunguko haukomi kamwe. Msimbo huo mmoja hutoa dalili mbili zinazopingana, na nimeona watu wakilaumu kifaa bure. Tangaza `int c`.

Rekodi ya mwisho inatokea mara mbili

Chanzo ni `while (!feof(f))`. Funksheni ya `feof` haitabiri. Husema tu kwamba jaribio la kusoma lililopita liligonga mwisho. Baada ya rekodi ya 150 kusomwa, hakuna kilichogongwa bado, kwa hiyo mzunguko unaingia mara ya 151, `fread` inashindwa, na programu inachapisha tena yaliyokuwa yamebaki ndani ya kigeu. Katika malipo ya wakulima, kosa hili humlipa mtu mmoja mara mbili. Acha jibu la `fread` liongoze mzunguko:

```c
unsigned char b[24];
size_t n;

while ((n = fread(b, 1, sizeof b, f)) == sizeof b)
    shughulikia(b);

if (ferror(f))
    perror("kusoma");
else if (n > 0)
    fprintf(stderr, "rekodi ya mwisho ina baiti %zu tu\n", n);
```

Angalia mpangilio wa hoja mbili za katikati. Ningeandika `fread(b, sizeof b, 1, f)` ningepata 1 au 0 tu, na rekodi iliyokatika katikati ingeonekana sawa na mwisho wa kawaida. Kwa kuhesabu baiti moja moja najua zimepatikana ngapi, na habari hiyo ina thamani kubwa, kama itakavyoonekana tutakapofika kwenye kukatika kwa umeme.

Ukubwa wa rekodi haulingani kati ya kompyuta mbili

Jumlisha sehemu za `struct pima`: 1, 4, 2 na 8 hufanya 15. Lakini `sizeof` inasema 24. Kompaila huweka kila sehemu kwenye anwani inayoifaa prosesa, na huziba mapengo kwa baiti za kujaza: tatu baada ya `daraja`, ili `namba` ianze kwenye nafasi ya 4, na sita baada ya `kilo`, ili `unyevu` uanze kwenye nafasi ya 16. Lakini kwenye kompyuta yenye Linux ya biti 32, kwa kanuni za mfumo huo kwenye prosesa za Intel, `double` iliyo ndani ya muundo huhitaji tu kuanzia kwenye nafasi inayogawanyika kwa 4. Hapo unyevu huanzia kwenye nafasi ya 12 na rekodi huwa baiti 20. Msimbo hautofautiani hata kwa herufi moja, wala hakuna onyo lolote kutoka kwa kompaila.

Dalili yake hutofautiana na ile ya 0A: rekodi ya kwanza kabisa tayari ina kosa, kwa kuwa daraja, namba na kilo ni sahihi lakini unyevu ni upuuzi, na rekodi ya pili haisomeki kabisa. Wanaosoma picha za BMP hukutana na tatizo hili siku ya kwanza. Kichwa cha faili hiyo ni baiti 14, lakini muundo ulioandikwa kwa kufuata maelezo yake hutoka na baiti 16, kwa sababu sehemu ya kwanza ni ya baiti 2 na ya pili ni ya baiti 4.

Kuna amri za kompaila za kuondoa baiti za kujaza, kama `#pragma pack(1)`, na wengi huzikimbilia. Mimi sizipendi kwa faili zinazosafiri: hazimo katika kiwango cha C, hazigusi tatizo la mpangilio wa baiti nitakalolieleza hivi punde, na pointa inayoelekezwa kwenye sehemu isiyo katika anwani yake inayofaa inaweza kuangusha programu kwenye baadhi ya prosesa. Isitoshe, kuandika muundo mzima kwa `fwrite` huandika pia yale mapengo, pamoja na chochote kilichokuwa kimebaki humo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Faili mbili zenye data zilezile zitatofautiana ukizilinganisha kwa `cmp`, na ikiwa kumbukumbu hiyo iliwahi kubeba neno la siri, vipande vyake vinaweza kuingia ndani ya faili inayozunguka kwenye flashi.

Aina ya `long` nayo iepukwe ndani ya faili. Kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8, kwenye Windows ya biti 64 ni baiti 4. Aina za `int32_t` na `int16_t`, zilizoingia katika C kwa kiwango cha 1999, zina ukubwa mmoja kila mahali zilipo.

Namba ni kubwa kupita kiasi, au ni hasi

Mkulima namba 1,000 amesomwa kuwa -402,456,576. Mtu akikutana na namba kama hii, aiandike kwa heksadesimali kabla ya kufikiri zaidi. Elfu moja ni `00 00 03 E8`. Namba ile ya hasi ni `E8 03 00 00`. Baiti ni zilezile, mpangilio umegeuzwa. Prosesa za Intel, na Raspberry Pi pia, huweka baiti nyepesi kwanza, ilhali itifaki nyingi za mtandao na faili za picha za PNG huweka baiti nzito kwanza. Kati ya kompyuta zetu tatu hitilafu hii isingetokea kamwe. Inakuja pale kifaa cha aina nyingine kinapoingia katika mnyororo, na kwa sababu hiyo wengi hawajiandai nayo.

Tiba ya tatizo hili na ya mapengo ni moja: usimwachie kompaila uamuzi wa sura ya faili. Amua mwenyewe kila baiti ikae wapi, kisha uzipange kwa mkono.

```c
void weka32(unsigned char *b, uint32_t n)
{
    b[0] = n & 0xFF;
    b[1] = (n >> 8) & 0xFF;
    b[2] = (n >> 16) & 0xFF;
    b[3] = (n >> 24) & 0xFF;
}

uint32_t toa32(const unsigned char *b)
{
    return (uint32_t)b[0]
         | (uint32_t)b[1] << 8
         | (uint32_t)b[2] << 16
         | (uint32_t)b[3] << 24;
}
```

Msimbo huu hauulizi prosesa inapanga vipi baiti zake, kwa kuwa unafanya kazi na thamani ya namba na hauigusi sura yake katika kumbukumbu. Usiache `(uint32_t)` katika funksheni ya pili, kwa sababu bila hiyo `b[3]` hupandishwa kuwa `int` na kuisogeza biti 24 kunaweza kufurika, jambo ambalo kiwango cha C hakilipi maana yoyote. Kwa upande wa unyevu niliachana na `double` na kuhifadhi sehemu za kumi za asilimia katika namba kamili, ili 13.5 iandikwe 135. Rekodi ikashuka kutoka baiti 24 hadi 9, na siku ya vipimo 150 ikawa baiti 1,350 kwenye kila kompyuta.

Rekodi za mwisho hazipo baada ya umeme kukatika

Umeme ulipokatika kituoni betri ya kompyuta mpakato ilivumilia, lakini Raspberry Pi, iliyokuwa ikiandika nakala yake yenyewe, ilizimika papo hapo. Karani alikuwa amekwisha kupima watu 230, na faili ilikuwa na baiti 4,096. Namba hiyo ndiyo iliyotoa jibu. Mkondo wa C hauandiki diskini kila unapoita `fwrite`. Hukusanya baiti ndani ya bafa, na kwenye Linux bafa hiyo kwa faili za kawaida huwa baiti 4,096. Bafa ikijaa ndipo hupelekwa kwa mfumo endeshi. Rekodi 170 za baiti 24 huchukua baiti 4,080, zikabaki nafasi 16 zilizojazwa na kipande cha rekodi ya 171, na rekodi sitini za mwisho zilikuwa bado ndani ya kumbukumbu. Kila ukiona faili iliyokatika ambayo ukubwa wake unagawanyika kwa 4,096 bila baki, shuku bafa kabla ya kitu kingine chochote.

Zipo ngazi mbili za kuvuka, na watu wengi hujua moja tu. `fflush(f)` hutoa baiti kwenye bafa ya programu na kuzikabidhi kwa mfumo endeshi. Hiyo inatosha ikiwa programu ndiyo iliyoanguka. Lakini mfumo endeshi nao una akiba yake, na umeme ukikatika akiba hiyo hupotea pia. Kuivuka ngazi ya pili kunahitaji `fsync(fileno(f))` kwenye Linux, au `_commit(_fileno(f))` kwenye Windows. Karani anayepima mkulima mmoja kila dakika hataona ucheleweshaji wowote ukifanya yote mawili baada ya kila rekodi, na mahali penye umeme usiotabirika hiyo ndiyo tabia ninayoipendekeza bila kusita. Flashi inayochomolewa kabla ya kutolewa kwa utaratibu hupata hasara ileile kwa sababu ileile.

Programu inapowaka tena, isiongeze rekodi mpya nyuma ya kipande kilichokatika, kwa kuwa zote zitakazofuata zitakuwa zimesogea. Chukua ukubwa wa faili, tafuta baki baada ya kuugawa kwa ukubwa wa rekodi, na ukate baki hilo kwa `ftruncate` kabla ya kuendelea. Kwa faili inayoandikwa upya nzima, kama orodha ya wakulima, andika kwanza faili yenye jina la muda, ikabidhi diskini kwa `fsync`, ifunge, kisha ibadilishe jina kwa `rename`, ambayo kwenye Linux huiweka mpya mahali pa ile ya zamani kwa hatua moja. Kwenye Windows `rename` hukataa ikiwa jina la pili lipo, na `MoveFileEx` yenye `MOVEFILE_REPLACE_EXISTING` huchukua nafasi yake.

Jibu la `fclose` nalo likaguliwe. Diski iliyojaa inaweza kukubali kila `fwrite`, kwa kuwa baiti ziliingia tu kwenye bafa, na kosa likajitokeza wakati wa kufunga.

Rekodi iliyorekebishwa haikai mahali pake

Ukifungua kwa `"wb"` faili iliyopo, yaliyomo yanafutwa mara moja. Ukifungua kwa `"ab"` au `"a+b"`, kila kinachoandikwa huenda mwisho hata kama umeita `fseek`. Kurekebisha rekodi iliyo katikati kunataka `"r+b"`, na hapo kuna sharti ambalo husahauliwa: baada ya kusoma, usiandike kabla ya kuita `fseek`, na baada ya kuandika, usisome kabla ya `fseek` au `fflush`. Anayesoma rekodi ya 40 ili aibadilishe akumbuke pia kwamba nafasi imekwisha kusogea hadi rekodi ya 41, na arudi nyuma.

Majina yanatoka yamevurugika

Ukiweka `char *jina` ndani ya muundo kisha ukauandika mzima, kinachoingia kwenye faili ni anwani tu, baiti 8 kwenye mfumo wa biti 64. Hatari ya kosa hili ni kwamba jaribio lake hufaulu: ukiandika na kusoma ndani ya mwendo mmoja wa programu, anwani bado inaelekeza kwenye jina, na unalala ukiamini kazi imekwisha. Kesho yake programu inaanguka. Tumia safu yenye urefu uliopangwa, au andika kwanza urefu wa jina kisha baiti zake.

Safu yenye urefu uliopangwa ina mtego mwingine kwetu hapa Uganda. Herufi ŋ ya Kiganda huchukua baiti mbili katika UTF-8, `C5 8B`, hivyo neno eŋŋaano lina herufi 7 lakini baiti 9. Jina lililokatwa kwa kuhesabu baiti linaweza kuishia na C5 peke yake, na anayesoma ataona alama ya swali mahali pa herufi ya mwisho. Unapokata, rudi nyuma hadi baiti ya kwanza ya herufi: zile zinazofuata huwa kati ya 80 na BF. Pia `strncpy` haiweki sifuri ya mwisho jina linapojaza safu yote.

Faili kubwa

`fseek` na `ftell` hutumia `long`, na pale ambapo `long` ni baiti 4 mwisho wake ni 2,147,483,647. Tumia `fseeko` pamoja na `_FILE_OFFSET_BITS` ya 64 kwenye Linux ya biti 32, na `_fseeki64` kwenye Windows. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 haipokei faili inayozidi baiti 4,294,967,295, hata programu iwe nzuri kiasi gani.

Alama ya mwanzo wa faili

Waliobuni PNG walijua madhara haya na wakaweka mtego wa kuyakamata mwanzoni mwa kila picha: `89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A`. Baiti 89 inavuka biti saba, hivyo njia inayopoteza biti ya nane hugunduliwa. `0D 0A` huharibika miisho ya mistari inapobadilishwa upande mmoja, na 0A ya mwisho huharibika inapobadilishwa upande wa pili. 1A huzuia DOS isimwage picha nzima kwenye skrini kama matini. Niliiga wazo hilo kwa faili za kahawa kwa baiti nane zangu, zikifuatiwa na namba ya toleo na ukubwa wa rekodi, vyote viwili vikipangwa kwa `weka32`. Tangu hapo kompyuta ya Kampala hukataa faili iliyoharibika kwenye baiti ya nane badala ya rekodi ya thelathini na kitu. Faili za zamani hazina alama hiyo, kwa hiyo zinapelekwa kwenye msimbo wa kale wa baiti 24, ambao nimeuacha ndani ya programu kwa kuwa wakulima bado huja kuuliza mauzo yao ya misimu iliyopita.